Askari mmoja wa ziada na bado sare: ushindi ulipotea wapi?

Swali

Mimi na mwenzangu wa klabu ya sataranji tuna alama za kiwango kati ya 1500 na 1600. Nilicheza na kete nyeupe, dakika 60 kwa kila mmoja na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua. Kwenye hatua ya 43 nilibadilishana naye askari wa mwisho wa upande wa mfalme, nikabaki na askari mmoja wa ziada. Hatua ya 44 alipendekeza sare, nikakataa. Baada ya hatua ya 46 nafasi ilikuwa hivi: mimi mfalme c3, ngome f1, askari d4, yeye mfalme g6, ngome d8. Nikacheza 47.Rg1+ Kf6 48.Kc4 Ke6. Kufikia hatua ya 58 nilikuwa na mfalme c5, ngome h7, askari d5. Yeye mfalme d8, ngome g6. Tukaendelea 59.d6 Rg1 60.Kc6 Rc1+ 61.Kd5 Rd1+ 62.Ke6 Re1+ 63.Kd5 Rd1+ 64.Kc6 Rc1+ 65.Kd5. Hapo akaandika hatua yake, akasimamisha saa, akamwita mwamuzi na kudai sare kwa kujirudia. Mwamuzi akakubali. Nilikuwa nimeshinda au la? Na dai lake lilikuwa halali kweli, maana hatukurudia hatua zilezile mara tatu mfululizo?

Jibu

Ndio, ulikuwa umeshinda, na ushindi huo ulidumu hadi hatua ya 47. Cheki moja tu, 47.Rg1+, ndiyo iliyogeuza mchezo uliokuwa unaushinda kuwa sare. Yote uliyofanya baada ya hapo, hata 59.d6 ambayo huenda umekuwa ukijilaumu kwayo, hayakubadilisha matokeo. Na dai la mwenzako lilikuwa halali kabisa.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno. Natumia herufi za kimataifa kama ulivyotumia wewe: K ni mfalme, R ni ngome, askari hana herufi. Alama ya + ni cheki, yaani mfalme ameshambuliwa, x ni kula kete, ! ni hatua nzuri, na nukta tatu baada ya namba zinaonyesha hatua ya mweusi. Safu ni zile za wima, kuanzia a hadi h. Mistari ni ile ya mlalo, kuanzia 1 hadi 8. Tandaza ubao kabla ya kuendelea. Michezo ya mwisho ya ngome haisomeki kichwani, hata kwa watu wenye alama kubwa kuliko zako.

Rudi kwenye nafasi iliyokuwepo baada ya hatua ya 46. Ngome yako f1 ilikuwa inafanya kazi kubwa kuliko kete nyingine yoyote ubaoni, na pengine hukuiona kwa sababu ilikuwa imetulia tu. Ilikuwa imeifunga safu nzima ya f. Mfalme mweusi pale g6 hakuweza kuvuka kwenda upande wa askari wako. Kati ya safu ya g aliyosimama na safu ya d ya askari wako kuna safu mbili, e na f. Kwa hiyo tunasema mfalme ametengwa kwa safu mbili.

Kuna hesabu fupi ambayo kila mchezaji wa klabu anapaswa kuijua kwa moyo. Chukua namba ya mstari aliosimama askari, ongeza idadi ya safu zinazomtenga mfalme wa mpinzani. Jumla ikizidi 5, mwenye askari anashinda. Ikiwa 5 au chini yake, ni sare. Hesabu hii inafaa pale ngome ya mlinzi inapokuwa mbele ya askari, ikimpigia mfalme wako cheki kutoka mstari wa 8, na mfalme wako yupo karibu na askari wake. Inawahusu askari wa safu za katikati na wa safu za c na f. Kwa askari wa pembeni usiitegemee. Kwako ilikuwa 4 + 2 = 6. Ushindi.

Hesabu bila njia haisaidii mtu mwenye dakika chache kwenye saa, kwa hiyo twende hatua kwa hatua. Hatua sahihi ilikuwa 47.Kc4. Mfalme anatoka kumsindikiza askari, na ngome inabaki f1 bila kuguswa. Mwenzako angejibu 47...Rc8+ kwa sababu akikuacha unasukuma d5, na jumla inapanda. Wewe 48.Kb5. Yeye 48...Rd8, anamshambulia askari aliyeachwa peke yake. Wewe 49.Kc5, unamlinda. Yeye 49...Rc8+, wewe 50.Kb6, yeye tena 50...Rd8. Inaonekana kama mnazunguka bure, lakini tazama mfalme wako: ametoka c3 hadi b6, na sasa anatishia kukanyaga c7 na kuisukuma ngome ile.

Sasa ndipo ngome yako inapoacha safu ya f, kwa mara ya kwanza: 51.Rd1! Kazi ya kumlinda askari inahamia kwa ngome, mfalme anabaki huru. Mfalme mweusi anafunguliwa mlango, lakini amechelewa. Akienda 51...Kf6, unacheza 52.Kc7 na ngome ya d8 inashambuliwa. Akitaka kuilinda kwa 52...Ke7, unapiga 53.Re1+ na mfalme hana pa kwenda huku akiendelea kuishika d8, ngome inaliwa. Kwa hiyo 52...Rd5 53.Kc6, unaifukuza tena ukiwa umepata muda, 53...Rd8 54.d5. Askari ameshavuka. Baada ya 54...Ke5 55.d6 Rc8+ 56.Kd7 ngome yake inashambuliwa tena, ikikimbia unapiga 57.Re1+ na mfalme wake anasukumwa mbali na askari. Kilichobaki ni kumpandisha hadi mstari wa 8 awe malkia.

Linganisha na mfalme aliyetengwa kwa safu moja tu. Tuseme ngome yako iko e1 na mfalme mweusi f6, mengine yote ni yaleyale. 4 + 1 = 5, sare. Ukifuata njia ileile hadi mfalme wako afike b6 na ukacheza Rd1, yeye anafika e6 kwa hatua moja na mraba wa d5 unazibwa. Ukijaribu kumlinda askari kutoka pembeni kwa Re4 badala yake, anacheza Kf5 na ngome yako inashambuliwa. Hatua moja ya mfalme ndiyo tofauti yote. Mfaransa André Chéron ndiye anayetajwa zaidi kwa kuichambua nafasi hii, na kuna jambo dogo ndani yake linalowaponza walinzi wengi: mfalme wao lazima abaki f6 au f5. Akirudi f7 kwa kuhofia, Re4 inafanya kazi, kwa sababu kutoka f7 hawezi kuishambulia ngome hiyo kwa wakati. Ukiwa na askari, mtazame mpinzani anasogea wapi anapokosa la kufanya. Mara nyingi hurudi nyuma.

Sasa unaona 47.Rg1+ ilifanya nini. Ilimfukuza mfalme kutoka mahali pabaya kwenda mahali pazuri. Baada ya 47...Kf6 ameshavuka safu uliyokuwa umeifunga. Ungejaribu kurekebisha kwa 48.Rf1+, angejibu 48...Ke6 na ameingia kabisa. Ungecheza 48.Re1, ungekuwa kwenye nafasi ya Chéron yenye jumla ya 5. Ulicheza 48.Kc4, naye akaenda Ke6, mbele ya njia ya askari wako. Baada ya hapo hakuna hatua yako yoyote ambayo ingeweza kulazimisha ushindi.

Kwa nini mtu wa alama 1500 anapiga cheki ile? Kwa sababu cheki inaonekana kama hatua ya bure: mpinzani analazimika kujibu na wewe unapata sekunde 30 zako. Lakini cheki haina thamani yenyewe. Kabla ya kuipiga, tafuta miraba ambayo mfalme anaweza kwenda, na kwa kila mmoja jiulize: je, ningependa awe hapo? Pale g6 mfalme alikuwa na f5, f6 na f7 zilizozibwa na ngome yako. Ukaifungua milango yote mitatu kwa hatua moja. Ngome inayotenga mfalme ikae ilipo hadi uwe na sababu iliyo wazi ya kuiondoa, kama ile ya 51.Rd1.

Kuhusu kubadilishana askari kwenye hatua ya 43: kwa matokeo hukukosea, kwani nafasi iliyotokea ilikuwa ya ushindi. Kwa mchezo wa watu wawili wenye saa, mimi nisingefanya. Mwenye askari wa ziada anapunguza kete na kuacha askari. Mwenye upungufu anabadilishana askari ili pasibaki cha kupandisha. Ungebaki na jozi ya askari upande wa mfalme, mfalme mweusi angelazimika kuangalia pande mbili za ubao, na ungekuwa na njia kadhaa za kushinda. Ulipoibadilisha jozi ile, ulibaki na njia moja tu, nyembamba, inayohitaji kujulikana mapema. Kuikataa sare ya hatua ya 44, kwa upande mwingine, ulifanya vizuri kabisa. Ukiwa na ngome na askari dhidi ya ngome tupu, karibu haiwezekani upoteze, na mlinzi ndiye mwenye kazi ngumu.

Tuje kwenye hatua ya 58. Mfalme wako c5, askari d5, ngome h7. Mfalme wake d8, ngome g6. Nafasi hii ina jina: ulinzi wa Philidor, kutokana na François-André Danican Philidor, aliyeieleza mwaka 1777. Mlinzi anaweka mfalme mbele ya askari na ngome kwenye mstari wa sita. Ngome hiyo inamzuia mfalme wako kukanyaga c6, d6 au e6. Anatembeza ngome g6, f6, kurudi g6, na kungoja. Njia pekee ya kuifukuza ngome mstari ule ni kumsukuma askari hadi d6, na papo hapo ngome inashuka chini kabisa, g1. Sasa askari ameshasogea mbele na mfalme wako hana tena kivuli cha kujificha dhidi ya cheki za nyuma. Ndivyo alivyokufanyia, hatua kwa hatua, na ni wazi alikuwa amejifunza.

Muda wa kushuka ndio moyo wa ulinzi huu. Angecheleweshwa hatua moja tu, tuseme 59...Rf6 badala ya 59...Rg1, ungecheza 60.Kc6 na kutishia Rh8 yenye kumfunga mfalme: c7 na e7 zinashikwa na askari, d7 na mfalme wako, mstari wote wa 8 na ngome. Kutoka f6 ngome yake haina cheki ya kumwokoa. Kutoka mstari wa kwanza anayo, 60...Rc1+, kama ulivyoona. Ukikaa upande wa mlinzi siku nyingine, kumbuka mpangilio: mstari wa sita mpaka askari akanyage sita, kisha chini mara moja.

Je, ulikuwa na kitu bora kuliko 59.d6? Kwa nadharia hapana. Kwa vitendo ndiyo, na hapa ndipo nafikiri ulijinyima nafasi nzuri. d6 inamwekea mpinzani hatua rahisi: ngome chini, halafu cheki, cheki, cheki. Hafikirii tena. Badala yake unaweza kumlazimisha aamue jambo gumu. Jaribu 59.Rb7, na tuseme anangoja kwa 59...Rf6. Sasa 60.Rb6! Mfalme wako c5 anailinda ngome, nawe unampa nafasi ya kubadilishana. Wachezaji wengi wa klabu watabadilishana kwa furaha: 60...Rxb6 61.Kxb6. Mmebaki wafalme wawili na askari wako d5.

Sasa ana njia moja ya sare na mashimo kadhaa kandokando yake. Lazima acheze 61...Kd7, 61...Kc8 inapoteza mara moja kwa 62.Kc6. Wewe 62.Kc5. Hapa anatakiwa acheze 62...Kc7, ili wafalme wakabiliane c5 na c7 huku zamu ikiwa yako. Akicheza 62...Ke7 amepoteza, kwani 63.Kc6 inampa mfalme wako mstari wa sita mbele ya askari. Akicheza 62...Kd8 pia amepoteza, kwa 63.Kd6. Mfalme wako akishafika c6, d6 au e6 wakati askari yuko d5, hakuna linaloweza kumzuia askari huyo, bila kujali zamu ni ya nani.

Hata akiipata 62...Kc7, bado kuna mtego mmoja. Unacheza 63.d6+ Kd7 64.Kd5, na mfalme wake lazima arudi nyuma kwa mstari ulionyooka, 64...Kd8. Akienda c8 unacheza 65.Kc6, akienda e8 unacheza 65.Ke6, na katika hali zote mbili unashinda: askari anafika d7 bila cheki, na mfalme wake analazimika kusogea pembeni. Akirudi d8, kila utakapokanyaga mstari wa sita anakukabili: 65.Ke6 Ke8 66.d7+ Kd8, na 67.Kd6 inamkwamisha. Mfalme hana pa kwenda, hajapigwa cheki, sare. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi alihitaji kuipata hatua pekee, akiwa kwenye hatua ya sitini na kitu, amechoka. Huu ndio ushindi wa watu wa klabu: hauko kwenye nafasi, uko kwenye maswali unayomuuliza mpinzani.

Naongeza jambo moja kuhusu Philidor kwa sababu watu hudhani ulinzi wa mstari wa sita ukishindikana basi mchezo umekwisha. Tuseme mfalme wako ameshafika d6, askari d5, ngome h7. Mfalme wake d8, ngome g1, zamu yake. Unatishia Rh8 ya kumfunga. Bado anaokoka, lakini kwa upande mmoja tu: 1...Kc8! Anakwenda upande mfupi wa ubao, ule wenye safu tatu a, b na c, ili upande mrefu ubaki huru kwa ngome yake. Baada ya 2.Rh8+ Kb7 3.Rd8, ukiandaa mfalme kwenda e7, anaihamisha ngome hadi h1, na 4.Ke7 inajibiwa 4...Rh7+ kutoka mbali, kisha 5.Ke6 Rh6+, na huna pa kujificha. Angekimbilia 1...Ke8, ngome yake ingebaki na upande mfupi wa kupigia cheki, mfalme wako angeisogelea na ungeshinda. Basi ukiwa na askari, ukimwona mlinzi anaelekeza mfalme upande mrefu, kaa macho.

Sasa dai la sare. Sheria za FIDE, shirikisho la kimataifa la sataranji, hazihesabu hatua zilizorudiwa, zinahesabu nafasi. Nafasi ni ileile iwapo zamu ni ya mchezaji yuleyale, kete za aina ileile ziko kwenye miraba ileile, na hatua zote zinazowezekana ni zilezile, pamoja na haki za kubadilishana mahali kwa mfalme na ngome na za kumla askari anayepita. Haisemwi popote kwamba nafasi hizo zifuatane. Zinaweza kuachana kwa hatua nyingi.

Tazama mchezo wako. Baada ya 61...Rd1+ mfalme wako yuko d5, askari d6, ngome h7, yeye mfalme d8, ngome d1, zamu yako. Baada ya 63...Rd1+ nafasi ni hiyohiyo kabisa, ingawa safari hii mfalme wako alikuwa ametokea e6. Baada ya 65...Rd1+ ni hiyohiyo tena, ukitokea c6. Mara tatu: hatua ya 61, 63 na 65. Njia uliyopita kufika pale haina maana mbele ya sheria.

Na angalia jinsi alivyodai, kwa sababu hapo ndipo madai mengi halali hukataliwa. Nafasi ya tatu ilikuwa itokee kwa hatua yake mwenyewe. Kwa hiyo alipaswa kuiandika 65...Rd1+ kwenye karatasi yake bila kuicheza, kisha kumtangazia mwamuzi kwamba anakusudia kuicheza na anadai sare. Ndivyo alivyofanya. Angeicheza kwanza ubaoni na kubonyeza saa, haki ya kudai ingehamia kwako, kwa kuwa zamu ingekuwa yako, na yeye angelazimika kusubiri. Kusimamisha saa ili kumwita mwamuzi ni ruksa. Dai likikutwa si sahihi, mwamuzi anamwongezea mpinzani dakika mbili na mchezo unaendelea, na hatua aliyoiandika lazima aicheze.

Unaweza kuuliza kama nafasi zenye mfalme wako d5 kabla ya jibu lake nazo zilijirudia. Hapana: kwenye hatua ya 61 ngome yake ilikuwa c1, kwenye 63 ilikuwa e1, kwenye 65 ilikuwa c1 tena. Ni mara mbili tu. Ndiyo maana alihitaji kuandika hatua yake kwanza. Huwezi kuhesabu hivi bila karatasi iliyoandikwa vizuri, kwa hiyo endelea kuandika kila hatua hata ukiwa na haraka. Kwa nyongeza ya sekunde 30 unalazimika kufanya hivyo hata hivyo.

Ungeweza kuikwepa sare ya kujirudia kwa kumpeleka mfalme kwingine, 63.Kf6 kwa mfano, lakini cheki zingeendelea kwa 63...Rf1+, na mfalme wako akishuka mbali sana askari anaachwa bila mlinzi. Mngefika kwenye sheria ya hatua 50: kila mmoja akicheza hatua 50 bila askari kusogea wala kete kuliwa, mwenye zamu anaweza kudai sare. Hesabu hiyo ilianza upya kwenye 59.d6, askari alipoguswa mara ya mwisho. Bila mtu kudai, mwamuzi mwenyewe husimamisha mchezo nafasi ikitokea mara tano au zikipita hatua 75 za aina hiyo kwa kila upande.

Pendekezo la sare nalo lina utaratibu wake: mchezaji anacheza hatua, anasema, kisha anabonyeza saa. Kila mmoja anaweka alama ya (=) kwenye karatasi yake. Pendekezo linabaki hai hadi ulikatae kwa mdomo au uguse kete kwa nia ya kucheza. Mwenzako akilitoa wakati wewe unafikiri, bado ni halali, ila akirudiarudia kukusumbua unaweza kumwambia mwamuzi.

Kwa mazoezi, usianze na vitabu vizima vya michezo ya mwisho. Chukua nafasi mbili za mchezo huu huu. Weka ile ya baada ya hatua ya 46 dhidi ya programu ya sataranji kwenye kompyuta au simu, ucheze nyeupe mpaka umpandishe askari bila kusita, kisha ugeuze ubao. Halafu weka ile ya hatua ya 58 na uwe mlinzi. Programu itajaribu kila njia, nawe utajua kama mkono wako unakumbuka kushuka hadi mstari wa kwanza. Nafasi zote za kete saba au pungufu, wafalme wakihesabiwa, zimeshatatuliwa kikamilifu na kompyuta, kwa hiyo hata ukiwa peke yako unaweza kuuliza kila hatua na kupata jibu la uhakika: ushindi, sare au kushindwa.

Ya tatu uiongeze ni ile inayoitwa ya Lucena, ambayo kwa kweli inaonekana kwanza kwenye maandishi ya Mwitaliano Salvio ya mwaka 1634, kwa sababu njia nyingi za ushindi kutoka hatua ya 47 huishia hapo. Mfalme d8, askari d7, ngome f1. Mpinzani mfalme g7, ngome c2. Mfalme wako amejifungia mbele ya askari wake mwenyewe na akitoka anapigwa cheki mfululizo. Unacheza 1.Rf4! Ngome inapanda mstari wa nne kujiandaa kuwa ngao. Tuseme 1...Rc1 2.Ke7 Re1+ 3.Kd6 Rd1+ 4.Ke6 Re1+ 5.Kd5 Rd1+ 6.Rd4, na cheki zimeisha. Watu hukosea kwa kuipandisha ngome mstari wa tatu. Ni wa nne, kwa sababu mfalme anaposhuka hadi wa tano ngome inapaswa kuwa chini yake kwa mstari mmoja tu.